Kwa nini naipenda 2147483647

Kama umewahi kukaa na programu hata kidogo hii namba umeshakutana nayo. 2147483647. Ukiitamka ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Muulize mtu yeyote wa kompyuta ni nini atakujibu fasta, "hiyo ndo mwisho wa inti" (inti ni aina ya namba nzima kwenye programu), basi, mazungumzo yameishia hapo. Mimi naona tunaidhulumu sana hii namba, maana imeishi miaka mingi kabla hakuna hata kompyuta moja duniani, imeshawahi kushika rekodi ya dunia, na mtu aliyeifanyia kazi kubwa kuliko wote aliifanya akiwa karibu haoni kabisa. Leo naandika yote ninayoyajua kuihusu, kaa kitako.

Tuanze na hilo la kompyuta tulimalize. Kompyuta inaweka namba kwa biti, na biti ni 0 au 1. Ukiipa namba nafasi ya biti 32, biti moja inachukuliwa kuonyesha kama ni chanya au hasi, zinabaki 31, na zote 31 zikiwa 1 hapo ndo umefika juu kabisa, na hiyo ndo 2147483647, yaani 2^31 - 1, mbili ikizidishwa yenyewe mara 31 afu unatoa moja. Ukiongeza moja tu, zile moja zote zinageuka sifuri na ile moja mpya inahamia kwenye biti ya alama, matokeo yake unapata -2147483648. Ni kama ile mita ya kilomita kwenye gari la zamani inavyomaliza tisa zote, tofauti ni kwamba hii hairudi sifuri, inarukia upande wa hasi kabisa, mbali kuliko pote.

Na sisi wa shilingi tuna sababu zaidi ya kuwa makini nayo kuliko watu wa dola, hili huwa nalirudia sana kwa vijana wanaoanza. Mifumo mingi inaweka hela kwa senti ili kukwepa nukta, yaani shilingi moja inaandikwa 100. Sasa kwa biti 32 dari lako linakuwa shilingi 21,474,836 na senti 47. Hiyo si hela ya kutisha, mtu anayenunua gari used anaweza kuipita kwenye muamala mmoja! Aliyeandika mafunzo ya mtandaoni yuko Marekani, kwake dari ni dola milioni 21, hawezi kuliona hata akiwa na duka kubwa, kwa hiyo hakukuambia. Weka hela kwenye biti 64 tangu siku ya kwanza, tafadhali.

Haya. Sasa utamu wenyewe.

2147483647 ni namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Ukipanga namba tasa zote kuanzia 2, 3, 5, 7 ukaendelea bila kuruka, hii inakaa nafasi ya 105,097,565. Watu wengi wanaoitumia kila siku hawajui hili, na wakijua wanadhani labda waliotengeneza kompyuta walichagua namba tasa makusudi. Hapana. Ilitokea tu, na namna ilivyotokea inavutia sana kwa sababu si kila dari la kompyuta ni tasa. Biti 8 mwisho wake ni 127, tasa. Biti 16 mwisho wake ni 32767, na hiyo ni 7 × 31 × 151, imevunjika. Biti 32, tasa. Biti 64 mwisho ni 9223372036854775807, hiyo inagawanyika kwa 7 mara mbili, afu kwa 73, 127, 337, 92737 na 649657. Biti 128, mwisho wake 2^127 - 1, tasa tena! Yaani ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndiyo. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilikaa nalo wiki nzima.

Sababu iko kwenye kipeo, yaani ile 31 ya kwenye 2^31. Angalia vipeo vyenyewe: 7, 15, 31, 63, 127. Kipeo kikiwa kinagawanyika basi na namba nzima inagawanyika, hakuna msalie mtume. Chukua 15, ambayo ni 3 × 5: andika 1 kumi na tano mfululizo kwa mfumo wa jozi, ule wa biti za 0 na 1, 111111111111111, unaweza kuzikata makundi ya tatu tatu, na kila kundi ni 111 ambayo ni 7, kwa hiyo 7 lazima igawe. Zikate tano tano, kila kundi 11111 ni 31, nayo inagawa. Ndo hizo 7 na 31 ulizoziona kwenye 32767. Kwa moja 31 huwezi kuzikata makundi yanayolingana kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, kwa hiyo namba ina nafasi. Ina nafasi tu lakini, si lazima iwe tasa. 2^11 - 1 kipeo chake ni tasa lakini yenyewe ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Hapo ndo watu waliteseka kwa karne nyingi.

Namba tasa za umbo hili, mbili kwa kipeo fulani kutoa moja, zinaitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyekuwa Paris akiandikiana barua na wanahesabu wa Ulaya nzima enzi zile hakuna majarida. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo akasema hivi ndo vinatoa namba tasa mpaka kufika 257: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwenye orodha ile 67 na 257 si sahihi, na aliacha 61, 89 na 107. Lakini 31 ilikuwemo na ilikuwa sahihi. Kabla yake Pietro Cataldi wa Bologna alishathibitisha 17 na 19, akadai na 23, 29, 31 na 37 pia zinatoa tasa. Pierre de Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa, akaja mwaka 1640 akavunja mbili, 2^23 - 1 akaonyesha inagawanyika kwa 47, na 2^37 - 1 kwa 223. Mwaka 1738 Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi, akavunja 29: namba 536870911 ni 233 × 1103 × 2089. Kwa hiyo kwenye madai manne ya Cataldi yaliyobaki, matatu yalishaanguka, imebaki 31 peke yake, na hakuna mtu aliyekuwa na uhakika nayo.

Naomba kidogo nitoke njiani kuhusu ile 67. Mwaka 1903 kwenye mkutano wa wanahesabu New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2^67 - 1 upande mmoja, akahamia upande wa pili akazidisha 193707721 × 761838257287 kwa mkono, majibu yakawa yaleyale, akaenda kukaa. Watu wakapiga makofi. Mimi hii stori naipenda kupita kiasi, basi turudi.

Euler na 31. Mwaka ni 1772, yuko Saint Petersburg, Urusi, ana umri wa miaka 60 na kitu, jicho la kulia lilishaharibika zamani akiwa kijana, la kushoto likaingia mtoto wa jicho, upasuaji ukafanyika afu ukaharibika, kwa hiyo anafanya kazi kichwani na wengine wanaandika. Akamwandikia barua mwanahesabu mwenzake, Bernoulli mmoja aliyekuwa Berlin, akimwambia kwamba 2^31 - 1 ni namba tasa, ameijaribu yote.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Kuthibitisha namba ni tasa kwa njia ya kawaida unajaribu kuigawanya kwa namba tasa zote mpaka kufika kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na kitu. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,800 kwa mkono, ukikosea moja tu kazi nzima haina thamani. Euler hakufanya hivyo, alitumia akili kuzipunguza, na hii sehemu nataka niielezee taratibu kwa sababu ndo moyo wa jambo na haihitaji zaidi ya hesabu za sekondari.

Tuseme kuna namba tasa q inayogawa 2^31 - 1. Maana yake 2^31 ukiigawanya kwa q inabaki 1. Sasa ukichukua 2, 4, 8, 16, 32 ukaendelea, kila moja ukaigawanya kwa q ukaandika baki tu, yale mabaki yanazunguka, yanarudi 1 kila baada ya hatua zilezile. Urefu wa huo mzunguko lazima ugawe 31 sawasawa, na 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 31 yenyewe (hauwezi kuwa 1 maana ingebidi 2 yenyewe ibaki 1). Fermat naye alishatuachia kwamba 2 kwa kipeo q - 1 ikigawanywa kwa q, q ikiwa tasa witiri, inabaki 1 daima, jaribu na 7 uone, 2^6 ni 64, toa 63 inabaki 1. Kwa hiyo q - 1 nayo ni mizunguko kamili, yaani 31 inagawa q - 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q - 1 ni shufwa. Jumlisha hayo mawili: 62 inagawa q - 1. Yaani mgawaji yeyote wa namba yetu lazima awe 62 mara kitu fulani, jumlisha 1. Kwa pigo moja umetupa karibu namba zote!

Ukitaka kuamini angalia zile zilizovunjika. 2047 kipeo chake ni 11, wagawaji wawe 22 mara kitu jumlisha 1: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Na 2^29 - 1, wagawaji wawe 58 mara kitu jumlisha 1: 233 ni 58 × 4 + 1. Inakaa.

Afu kuna chujio la pili. Kama 2^31 inabaki 1 basi 2^32 inabaki 2, na 2^32 ni mraba wa 2^16, kwa hiyo kwenye mabaki ya q namba 2 ina kipeuo chake cha pili, na hilo linawezekana tu kwa namba tasa ambazo ukizigawanya kwa 8 zinabaki 1 au 7. Changanya na lile la 62, unabaki na familia mbili tu: 248 mara kitu jumlisha 1, na 248 mara kitu jumlisha 63. Ukizihesabu mpaka 46340, ukiacha 63 yenyewe, ni namba 372. Na kati ya hizo nyingi si tasa, kwa hiyo hazihitaji hata kujaribiwa: 249 ni 3 × 83, itupe. 497 ni 7 × 71, itupe. 559 ni 13 × 43, itupe. Ukichuja hivyo mpaka mwisho zinabaki kama themanini hivi za kugawanya kweli.

Kutoka 4,800 mpaka themanini. Kwa kufikiri tu.

Ya kwanza kabisa ni 311. Chukua karatasi ufanye mwenyewe: 311 × 6905092 ni 2147483612, inabaki 35. Haigawi. Inayofuata ni 1303: 1303 × 1648107 ni 2147483421, inabaki 226. Haigawi. Afu 1489, na kuendelea hivyo mpaka unagonga 46340. Euler alifika mwisho hakupata hata moja. Simu yako inamaliza kazi hii kabla hujatoa kidole kwenye kioo, lakini mimi nakushauri ufanye mbili tatu kwa kalamu, maana ukishazifanya ndo unaelewa kilichofanyika pale Saint Petersburg kilikuwa na uzito gani.

Toka hapo 2147483647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, na ilikaa kileleni miongo mingi, kuingia mpaka karne ya 19. Na haikukaa peke yake, ilikuja na mwenzake. Kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu, yaani namba ambayo wagawaji wake wote ukiiacha yenyewe wanajumlishwa kurudi kuwa yenyewe. 28 ni mfano: 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Euclid alishaonyesha zamani kabisa kwamba 2^p - 1 ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2^(p-1) unapata namba kamilifu, na Euler akaja kuthibitisha kwamba namba kamilifu zote za shufwa zinatoka kwa njia hiyo tu. Yetu inatoa 2305843008139952128, tarakimu 19, namba kamilifu ya nane. Peter Barlow wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha mwaka 1811, aliandika kwamba hiyo ndo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu hizi namba ni za udadisi tu hazina faida, hivyo hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 tu Édouard Lucas akathibitisha 2^127 - 1, tarakimu 39, kwa mkono. Na leo inayoongoza ni 2^136279841 - 1, ilitangazwa Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320, aliipata Luke Durant kupitia mradi wa GIMPS ambao George Woltman aliuanzisha mwaka 1996 na watu wa kawaida duniani kote wanachangia nguvu za kompyuta zao. Udadisi una nguvu kuliko Barlow alivyodhani.

Njia ya Lucas, ambayo Lehmer aliinyoosha miaka ya 1930, nayo naiweka hapa kwa sababu ni nzuri mno na unaweza kuiandika kwa mistari michache ya programu. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoipima. Rudia. Kwa kipeo p unarudia mara p - 2, na ukiishia sifuri namba ni tasa, usipoishia sifuri si tasa, hakuna katikati. Tupime 31 yenyewe, ambayo ni 2^5 - 1, kwa hiyo hatua tatu. 4 mraba ni 16, toa 2 ni 14. 14 mraba ni 196, toa 2 ni 194, gawanya kwa 31 inabaki 8. 8 mraba ni 64, toa 2 ni 62, gawanya kwa 31 inabaki sifuri. Tasa! Kwa 2147483647 ni hatua 29 tu badala ya zile themanini za Euler, ila kila hatua unapiga mraba namba ya tarakimu kumi, kwa hiyo kwa mkono sijui ungechagua ipi, mimi ningebaki na Euler.

Kuna sifa zingine ndogondogo nazitaja haraka. Haina pacha: 2147483645 inaishia na 5, na 2147483649 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo pande zote mbili hakuna jirani tasa. Lakini hiyo 2147483649 ukiigawanya kwa 3 unapata 715827883, na hiyo ni tasa! Haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili maana ukiigawanya kwa 4 inabaki 3. Na kwa kuwa ni tasa ilipata kazi nyingine kwenye kompyuta tofauti na kuwa dari: kutengeneza namba za bahati nasibu. Unachukua namba, unazidisha kwa 16807 (ambayo ni 7^5, yaani 7 × 7 × 7 × 7 × 7), unagawanya kwa 2147483647 unabaki na baki, unarudia. Ukianza na 1 unapata 16807, afu 282475249, afu 1622650073, zinaonekana hazina mpangilio kabisa, na inapita kwenye namba zote kuanzia 1 mpaka 2147483646 bila kurudia hata moja kabla haijarudi mwanzo. Ingekuwa namba isiyo tasa isingeweza kuzipita zote hivyo. Mpaka leo iko ndani ya C++, inaitwa minstd_rand0. Usiitumie kutengeneza paswedi tu, mtu akipata namba moja amepata zote zinazofuata.

Kwenye maisha ya kawaida namba hii imejitokeza hadharani mara chache. Desemba 2014 video ya Gangnam Style ya Psy ilipita watazamaji 2147483647 na YouTube wakawa wamehamishia kaunta kwenye biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787, kwamba zikikaa zimewashwa umeme siku 248 mfululizo bila kuzimwa kaunta ndani ya mfumo wa jenereta inajaa na umeme unaweza kukatika. Sasa chukua 2147483648, igeuze kuwa vipande vya mia moja vya sekunde, unapata siku 248 na nusu. Nilishtuka kuona 248 tena, ileile ya Euler, ila hizo mbili hazina undugu, moja imetoka kwenye 8 × 31 na nyingine imetoka kwenye urefu wa siku.

Kubwa linalokuja ni 2038. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Sekunde ya 2147483647 kwa saa zetu za Afrika Mashariki itaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi na sekunde saba. Watoto wanajiandaa kwenda shule. Sekunde inayofuata mfumo wa biti 32 ambao haujarekebishwa utaamini ni Desemba 1901. Simu za sasa na seva nyingi zishahamia biti 64, na Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020 imeandaliwa hata kwa mashine za biti 32, kinachonipa wasiwasi ni vifaa vya zamani vilivyofungwa kwenye mitambo, mageti na mita ambavyo hakuna anayekumbuka kuvifanyia apdeti. Kama unasimamia vitu hivyo kazini, miaka ni michache, anza kuorodhesha.

Nimalizie na swali ambalo mimi naliwaza mara nyingi kuliko hilo la 2038. Umeona kwamba 5 ni tasa, 2^5 - 1 ni 31 ni tasa, 2^31 - 1 ni yetu, tasa. Mtu yeyote atauliza, je mbili kwa kipeo 2147483647 kutoa moja? Hiyo namba ina tarakimu zaidi ya milioni 646, mara nyingi zaidi ya rekodi ya sasa, lakini jibu linajulikana: si tasa, inagawanyika kwa 295257526626031. Na hapo ile kanuni ya Euler inafanya kazi tena bila kubadilika hata kidogo, toa 1 kwenye huyo mgawaji upate 295257526626030, igawanye kwa 2147483647, inatoka 137490 kamili bila baki. Kwa hiyo mnyororo wa 5 unakatikia pale.

Ila upo mnyororo mwingine, ambao mwanahesabu Catalan aliutaja mwaka 1876: 2, 3, 7, 127, afu 2^127 - 1, kila moja ni kipeo cha inayofuata na zote tano ni tasa. Ya sita haijulikani. Ni kubwa kiasi kwamba idadi ya tarakimu zake peke yake ni namba yenye tarakimu 38, hakuna mashine itakayoiandika wala kuipima kwa njia ya Lucas. Kilichobaki ni kutafuta mgawaji wa umbo lile lile la Euler, shufwa fulani mara 2^127 - 1, jumlisha moja, na watu wanaendelea kutafuta, mpaka sasa hawajampata.